Mbao ya futi 12 na vijana wanne

Simamisha kirikuu karibu na kijiwe chochote cha bodaboda pale Mbagala Rangi Tatu, useme una pikipiki ya kupakia. Kabla dereva hajazima gari, vijana wanne wameshaikamata: mmoja usukani, mmoja mkia, wawili ubavuni. “Moja, mbili, tatu!” Tairi la mbele linatua juu ya bodi, la nyuma linabaki linaning'inia, eksozi ya moto inagusa goti la mmoja wao, naye anaachia. Kuanzia hapo ni bahati tu. Na kwa kuwa bahati huwa ipo mara nyingi, hakuna anayeuliza mbao iko wapi.

Ndiyo maana nasema shida yetu si upungufu wa nguvu. Dar es Salaam ina mikono mingi na ya bei nafuu, na mikono hiyo imetufanya tusione haja ya kifaa chepesi kuliko vyote, yaani mbao ndefu. Mtu anayeishi peke yake shambani hana wa kumwita, kwa hiyo atatafuta mbao. Sisi wa Temeke na Kinondoni tunapiga mluzi.

Kazi yenyewe ipo kila siku. Tangu kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilipotoka mwaka 2010, bodaboda imekuwa ajira inayotambuliwa, na kila kijiwe kina pikipiki ambayo leo haitembei. Ya huyu imekufa injini Chamazi na fundi wake yuko Tandika. Ya yule imekaa kituo cha polisi baada ya ajali, ametakiwa aje aichukue. Mwingine anahama Manzese kwenda Bunju na ndani ya Canter kuna kabati, godoro, mtungi wa gesi na pikipiki. Mwingine anaipeleka nyumbani Masasi. Wasio na hela ya gari hutumia njia ya mkato ambayo kila mtu ameiona Barabara ya Kilwa: mwenye pikipiki nzima anaweka mguu kwenye kikanyagio cha ile mbovu na kuisukuma huku wote wawili wakiwa mwendoni, daladala zikiwapita ubavuni. Ukilinganisha na hilo, kirikuu ni busara kubwa. Ila busara hiyo inaweza kuishia kwenye dakika mbili za kupandisha.

Tuanze na gari lenyewe. Kirikuu tunayoijua, Suzuki Carry na ndugu zake, ni gari la daraja dogo la Japani, lile ambalo sheria yao inataka lisizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48, na mzigo usizidi kilo 350. Bodi yake ina urefu wa chini kidogo ya mita mbili. Boxer BM 150 ina urefu wa mita mbili na ushee. Maana yake pikipiki maarufu mjini haitoshi kunyooka ndani ya gari maarufu la kubebea mizigo midogo, labda mlango wa nyuma uachwe wazi. Ndiyo sababu madereva wazoefu huilaza mshazari, tairi la mbele kona ya kulia nyuma ya kichwa cha gari, mkia kona ya kushoto. Mshazari unakupa karibu mita mbili na nusu, na mlango unafungika.

Hizo kilo 350 nazo ni za kukumbuka. Boxer ina takribani kilo 120. Wakipanda vijana wanne wa kilo 65 kila mmoja “kuishikilia” njiani, mzigo umeshafika kilo 380, na gari limezidiwa na walinzi kuliko na mali.

Japani wenyewe, wakulima na wenye pikipiki hupandisha vitu kwenye magari haya kwa ngazi za alumini zinazokunjwa na kulazwa ndani ya bodi. Magari yamevuka bahari kwa maelfu. Ngazi zilibaki kwao.

Sasa hesabu, nayo ni fupi. Bodi ya kirikuu iko juu ya ardhi kiasi cha sentimita 65. Ukipandisha Boxer kwa mbao ya futi 6, kama wengi wanavyofanya kwa sababu ndiyo iliyopatikana, unasukuma uzito wa kama kilo 43, kwenye mwinuko mkali ambao hata kandambili hazishiki. Chukua mbao ya futi 12, pikipiki ileile, gari lilelile: unasukuma kilo 21. Mtu mmoja mwenye afya anaziweza hizo, akiongeza wa pili wa kumshikia mkia amemaliza. Canter ni habari nyingine kwa sababu bodi yake hufika mita moja hivi. Hapo mbao ya futi 6 inataka kilo 66 kwa Boxer, na ya futi 12 inataka 33.

Kwa pikipiki kubwa za safari, zile zinazoonekana Jumapili asubuhi zikitoka Masaki kuelekea Bagamoyo, hesabu hiyo haina huruma hata kidogo. BMW R 1250 GS yenye mafuta tayari ina kilo 249. Ukiileta kwenye Canter kwa mbao ya futi 6 unasukuma zaidi ya kilo 130, na ikikuelemea katikati hakuna anayeidaka. Nimesikia wenye pikipiki hizi wakijivunia kwamba waliipakia “kwa watu sita tu”. Sita ni wengi mno. Katika sita, wawili wanasukuma, wawili wanavuta kwenda pembeni bila kujua, na wawili wamesimama pale inapoangukia.

Mbao ipi? Ile ya mbili kwa kumi, yaani unene wa inchi mbili na upana wa inchi kumi. Ya mbili kwa sita inatosha tairi lakini haikusamehe ukiyumba. Paini kutoka Mafinga inafaa na ndiyo iliyojaa madukani, ila igeuze pande zote uangalie vifundo, kwa sababu mbao hukatika penye kifundo kikubwa kilichokaa katikati au ukingoni. Usikubali mbao iliyotoka kwenye kupiga zege. Kwa macho ni nzima, lakini imelowa na kukauka mara nyingi, na misumari imeitoboa kote. Kwa pikipiki ya kilo 250, mbao ya futi 12 itabonyea katikati, kwa hiyo weka tofali mbili za saruji au kreti chini yake kabla hujaanza.

Wenye kirikuu watauliza mbao ya futi 12 wataibeba vipi kwenye bodi ya futi sita na nusu. Swali la haki. Wengine huitoa nje na kuifunga kitambaa chekundu, wakiomba askari wa barabarani awaelewe. Jibu zuri zaidi nimeliona kwa mafundi wa kuchomelea: vipande viwili vya skwea paipu vyenye bati nene la vipele juu, vimeunganishwa kwa bawaba katikati na kuwekewa mguu wa kukunja chini ya bawaba. Kikikunjwa kinalala ndani ya bodi. Gerezani wanakutengenezea ukiwachorea kwenye karatasi, na wa Keko, waliozoea mbao kuliko chuma, wanaweza kukufanyia kitu hichohicho kwa mninga ukiwa na subira.

Kabla mbao haijawekwa, tazama ardhi. Mbagala, Chamazi, Kigamboni, sehemu kubwa ni mchanga. Mguu wa mbao unazama, tairi la nyuma la gari nalo linazama kadiri uzito unavyopanda, na mwinuko uliouanza sio unaoumaliza. Weka kipande cha mbao au tofali bapa chini ya mguu wa mbao, na mawe nyuma ya matairi ya gari hata kama breki ya mkono ni nzima. Gari liachwe kwenye gia. Kisha tumia mji ulivyo. Goba, Kimara na Makongo kuna miteremko, basi kirikuu isimame chini na pikipiki itoke juu, na zile sentimita 65 zitapungua nusu bila mtu kutoa jasho. Kwenye tambarare ya Temeke, matairi ya nyuma ya gari yakiingia kwenye kishimo, au pikipiki ikianzia juu ya kifusi kilichotupwa mbele ya kiwanja, umepata mteremko wa bure. Madereva wa malori ya mchanga wanajua hili miaka yote.

Jambo moja ambalo halionekani mpaka limtokee mtu: mbao lazima ifungwe kwenye gari. Tairi la nyuma likianza kuzunguka kwa nguvu ya injini, linaisukuma mbao nyuma kama linavyorusha mchanga, mbao inachomoka ukingoni mwa bodi na pikipiki inashuka na tumbo. Kamba fupi kutoka kichwa cha mbao hadi kwenye ndoano ya bodi inatosha. Na mbao iegemee bodi yenyewe, isiegemee mlango wa nyuma ulioning'inia kwa minyororo, maana minyororo ile ilitengenezwa kushikilia mlango tu.

Kupandisha kwenyewe. Anayeshika usukani asimame upande wa kushoto, upande wa stendi na klachi, na ndiye peke yake anayetoa amri. Wa pili awe nyuma kidogo upande wa kulia, akisukuma penye chuma cha mkia, asisukume kwenye indiketa wala kwenye mfuniko wa plastiki. Hawa wawili wanatosha kwa Boxer. Tatizo la aliyeshika usukani ni miguu yake, kwa sababu pikipiki inapanda naye anabaki chini, hadi usukani unafika kifuani kwake na hawezi tena kuubana. Hapo ndipo pikipiki nyingi huangukia upande wa kulia, kule mwenye usukani asikofika. Kwa hiyo weka mbao ya pili sambamba na ya kwanza kwa ajili ya mtu tu. Au weka stuli imara katikati, akanyage pale kabla hajapanda bodini.

Vijana wanapenda kuwasha injini, kuingiza gia ya kwanza na kuachia klachi nusu huku wanatembea ubavuni. Inawezekana, na kwa pikipiki nzito inasaidia sana, lakini mwili ukianza kurudi nyuma mkono ulioshika aksileta unaivuta bila kutaka. Pikipiki inaruka mbele, inagonga kichwa cha gari, kioo cha nyuma kinakwenda. Asiyeweza kuendesha kwa klachi pekee huku aksileta imetulia, asiwashe. Na kuipanda kabisa, ukakaa juu yake na kupita kwenye mbao kama wale wa kwenye video, kunakufikisha mahali ambapo miguu yako yote haigusi kitu. Sijui kwa nini jambo hili lina wapenzi wengi hivyo.

Kuna njia ya utulivu ya kupumzika katikati ya mbao ambayo wengi hawaitumii. Injini imezimwa, gia ya kwanza imeingia, klachi imebanwa. Unasukuma. Ukichoka unaachia klachi, na tairi la nyuma linajifunga lenyewe. Breki ya mbele haikusaidii sana hapo, kwani pikipiki inapoelekea juu uzito mwingi unahamia nyuma, tairi la mbele linabaki jepesi na hukokoteka hata likiwa limefungwa.

Imefika juu. Hapa sasa ndipo kazi ya hovyo inapoanza, kwa kuwa kila mtu anadhani imekwisha. Stendi inashushwa, mpira wa tyubu unazungushwa kwenye usukani, “twende”. Stendi ya pembeni imetengenezwa kwa pikipiki iliyosimama ardhini. Ndani ya gari linaloruka matuta, pikipiki inapanda na kushuka kwenye shokapu zake, stendi inasogea, na kila kamba iliyofungwa pikipiki ikiwa juu ya stendi hulegea inapoinama upande huo. Mpira wa tyubu nao unavutika, na hiyo ndiyo sifa yake: ni mzuri kwa maboksi ya nyanya, mbaya kwa kitu chenye kilo 120 kinachotaka kuanguka.

Funga hivi. Tairi la mbele liguse kona ya bodi. Pikipiki isimame wima, stendi juu, mtu mmoja akiishikilia. Kamba mbili za mbele zipite kwenye vyuma vinavyoshika shokapu chini ya usukani, zisipite kwenye mikono yenyewe wala kwenye nyaya za breki, na kila moja iende mbele na chini kwenye ndoano ya upande wake. Weka kitambaa zinapogusa rangi. Kaza kushoto kidogo, kulia kidogo, kushoto tena, mpaka shokapu zizame kama nusu ya mwendo wake. Zikizama zote, matuta ya Barabara ya Kilwa yatazipasua sili na utaona mafuta yakichuruzika kwenye mabomba yake ukifika. Kamba mbili za nyuma hazina kazi ya kukandamiza, zinazuia tu mkia usirukeruke kwenda pembeni. Acha gia ya kwanza imeingia.

Mwenye mikanda ya kukaza kwa mpini atumie hiyo. Asiye nayo ana utingo. Mtazame utingo wa lori la mizigo akifunga turubai: anapiga kitanzi katikati ya kamba ya manila kwa kuipinda mara moja kwenye vidole, anapitisha mkia wa kamba kwenye ndoano ya bodi, anaurudisha juu kupitia kitanzi kile, kisha anavuta chini kwa uzito wa mwili wake wote. Kitanzi kinamfanyia kazi ya kapi, nguvu ya mkono inazidishwa, na kamba inalia. Anaibana kwa kidole gumba, anafunga nusu-fundo mbili, amemaliza ndani ya sekunde ambazo mimi na wewe tungekuwa bado tunatafuta mwanzo wa kamba. Fundo hilo linafunguka kwa urahisi. Kwa kazi ya leo, huyo anafaa kuliko wale vijana wanne, na mara nyingi amelala kwenye kiti cha abiria hakuna aliyemwamsha.

Kamba ya manila ina kasoro moja, hujinyoosha taratibu. Ndiyo sababu dereva makini husimama baada ya kilomita chache, hata kama foleni ya Mtongani imemkera, akashuka na kuzigonga kamba kwa kiganja. Iliyolegea hukazwa. Baada ya hapo mara nyingi hazilegei tena.

Wanaohama nyumba wana lao. Pikipiki ikipakiwa pamoja na vyombo, funga koki ya mafuta, na kama tangi limejaa, punguza. Ikiegemea au kuanguka, petroli inatoka kwenye kabureta au mfuniko, na chini yake kuna godoro na mtungi wa gesi. Watu hupenda kuiegemeza pikipiki kwenye godoro “isikwaruzike”. Godoro ni laini, linasogea, kamba zinalegea, na harufu ya petroli haitoki kwenye sponji hata ulianike wiki nzima. Ianze pikipiki mbele, vyombo vifuate, na kati yake na kabati pawe na nafasi ya mkono kupita.

Kushusha ni kugumu kuliko kupandisha, hasa saa mbili usiku, mvua za masika zikiwa zimelowesha mbao na kila mtu anataka kwenda kulala. Mbao iliyolowa ina utelezi, kwa hiyo imwagie mchanga mkavu ukipatikana, au igongomee vipande vya raba ya tairi kuukuu kabla ya msimu. Pikipiki ishuke kinyumenyume, injini imezimwa, gia ya kwanza imeingia. Unabana klachi kidogo, inashuka hatua, unaachia, inasimama. Mtu wa pili awe ubavuni. Nyuma yake asisimame mtu yeyote, hata kama ni fundi mwenyewe aliyekuja kuipokea kwa furaha. Kamba za nyuma zifunguliwe kwanza, za mbele mwisho, na kabla ya ya mwisho kufunguliwa mwenye usukani awe ameshaushika.

Imebaki habari ya nani analipa, nayo huzungumzwa ikiwa imeshachelewa. Kirikuu nyingi zina bima ndogo, ambayo inamhusu mtu wa nje aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari hilo, na haigusi mzigo uliobebwa ndani yake. Tangi likibonyea au usukani ukipinda, dereva wa kirikuu atasema waliopandisha ni vijana, vijana watasema waliitwa na mwenye pikipiki, na mwenye pikipiki mara nyingi si mwenye mali: yuko kwenye mkataba na kila jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi. Bosi hahesabu siku ya fundi. Mpatane kabla ya bei, si baada yake: nani anapandisha, nani anafunga, nani anashusha, na ikianguka nani anagharamia. Piga picha mbili za simu, moja ikiwa chini, moja ikiwa imefungwa. Dereva atakayekataa kupigwa picha, mwache aende, nyuma yake kuna kirikuu nyingine.